Mwavuli Si Mtoto wa Buti

Jumatatu, 2 Machi

Kama unasoma haya, basi hatimaye miguu yako imekumbuka njia ya kwetu. Kaa hapo kwenye kigoda, wala usianze kuniambia kazi zilikubana. Kazi zinambana kila mtu. Mimi zimenibana tangu hujatungwa mimba na sijawahi kuzitumia kumkwepa mama yangu. Mvua mbili zimepita hujakanyaga hapa, wewe kitinda mimba niliyekubeba mgongoni mpaka watu wakaniuliza kama huna miguu.

Simu sitaki. Kwenye simu unasema «ndiyo mama, ndiyo mama» huku nakusikia unatafuna. Ndiyo maana naandika, ili siku ukija uyasome yote mbele yangu, nikikutazama usoni. Shule niliiona kwa nje, unajua. Herufi nilizidokoa nikimenya vitunguu huku nyinyi mkisoma kwa sauti mezani. Mwandiko ukipinda, ujue ni wenu nimeuiga.

Binti wa marehemu dada yako, huyu tunayemwita Fundi, amegeuza sebule yangu kiwanda cha makoti ya mvua. Chumba alichokuwa akilala mama yake kimejaa mabuti na miavuli, ambavyo hakushona, amevinunua kwa jumla. Vyote vinauzwa kwenye soko la mtandaoni. Humu ndani tunaliita Soko tu, kana kwamba masoko mengine yamekufa. Mwenye kompyuta ni mumewe. Huyo mimi namwita Nitanyoosha, kwa sababu kila kitu kikipinda husema, «Bibi, nitanyoosha,» kisha anakwenda kulala. Mtoto wao, Kidonge, ana miaka mitatu na mdomo wa mtu wa thelathini.

Sasa sikiliza lililo kubwa. Baba mdogo wa Nitanyoosha ana ghala katika mji ule wa mbali. Amewaambia kwamba duka likishindwa mvua hizi, wafungashe wote watatu waende kwake, kuna kazi na kuna chumba. Wamekubali. Wamekubali mbele yangu, wakila chakula changu. Duka likifa, Kidonge anaondoka na mimi nabaki nikiongea na kuta. Nimeosha vyombo kwa nguvu.

Alhamisi, 5 Machi

Mawingu yalikuja, yakatazama, yakaenda zake. Kama wewe.

Jumatatu, 9 Machi

Imenyesha tangu alfajiri na oda zimeanza. Nimemtaka Fundi anieleze Soko linavyofanya kazi, ili nikilitukana nisilisingizie.

Ni hivi. Kila asubuhi Nitanyoosha hulipelekea Soko faili la bidhaa. Koti la manjano la mtoto mdogo lina mstari wake. La manjano la mtoto mkubwa lina mstari wake. La buluu, hivyo hivyo. Mistari yote ya koti hilo hufungwa chini ya mstari mmoja wanaouita mama. Mnunuzi humwona mama kwanza, akimgusa ndipo watoto wanajitokeza, achague rangi na saizi. Na nyota ambazo wanunuzi huzitoa kwa kusifu hukusanyika kwa mama, watoto wote wakazifaidi. Si jambo la ajabu. Hata kuku ana vifaranga vyeupe na vyeusi.

Lakini Nitanyoosha, kwa uvivu wake, ameweka picha moja ya koti la manjano kwenye mistari yote. Leo mnunuzi mmoja amepiga simu.

«Nimeona manjano, nimeletewa buluu.»

«Dada, wewe ulichagua buluu,» Fundi akamwambia kwa upole.

«Nilichagua buluu lakini picha ilikuwa manjano. Nikajua buluu ni jina tu.»

Nikamnyang'anya Fundi simu. «Mama, na wewe ukiambiwa mchumba ni mrefu, picha ikamwonyesha mfupi, utaolewa na yupi?»

«Wa kwenye picha,» akanijibu.

Nikakata simu. Huyo hana dawa. Nitanyoosha alikuwa amesimama mlangoni ananisikiliza.

«Bibi, nitanyoosha.»

Jumamosi, 14 Machi

Nitanyoosha amenisimamisha ukutani kuanzia asubuhi, nikivua koti hili na kuvaa lile, kila rangi na picha yake.

«Bibi, cheka kidogo.»

«Mvua inanyesha, nacheka nini?»

Mwishowe amenikata kichwa kwenye picha zote. Eti Soko halitaki nyuso. Na sisi ndio tunaambiwa hatujaendelea, wakati wenzetu wanataka mwili usio na kichwa. Nakubali picha zimetoka vizuri, na malalamiko ya rangi yamekoma. Sijamwambia. Mwanamume mvivu ukimsifu leo, kesho anaomba likizo.

Alhamisi, 19 Machi

Makoti yanakwenda. Nyota zimejaa mpaka Fundi anawasomea majirani. Lakini mabuti na miavuli hakuna anayevigusa. Havina nyota hata moja, na kwenye Soko kitu kisicho na nyota ni kama mgeni asiye na mwenyeji, abishe hodi kwa adabu zote, hafunguliwi. Akiba yao yote imo ndani ya mabuti hayo. Fundi anapita mbele ya chumba kile bila kugeuza shingo, kama mtu anayepita mbele ya mdai.

Baba mdogo amepiga simu kuuliza hali ya hewa. Mtu mzima, ana dirisha kwake, anauliza hali ya hewa ya kwetu.

Jumanne, 24 Machi

Mabuti yametoka leo kama yameitwa majina. Miavuli pia. Nimefunga maboksi mpaka vidole vimekakamaa, na Kidonge alikuwa akinikatia utepe wa gundi kwa meno.

Nikamwambia Fundi anisomee wanunuzi wanasema nini. Chini ya picha ya buti, mmoja ameandika, «Kofia yake haimzibi mtoto macho.» Chini ya mwavuli, mwingine ameandika, «Mikono mirefu, inamfaa mwanangu.»

«Buti gani lina kofia?» nikauliza.

Fundi akarudi kwenye cherehani yake, akashona kwa kasi. Nikamgeukia Nitanyoosha. Akajikuna shingo.

«Tumeunganisha kidogo, Bibi.»

«Nini na nini?»

«Mambo ya faili tu.»

Mtu akikwambia ni mambo ya faili, kamata mkoba wako vizuri.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Oda. Mgongo.

Jumamosi, 4 Aprili

Mabuti yanavuja. Si yote, ni yale ya kijani, yanavuja kwenye mshono wa kisigino, na aliyemuuzia Fundi kwa jumla hapokei simu. Watu wanapiga tangu asubuhi. Kila mmoja anaimba wimbo ule ule, «Nilisoma watu wanasifu, ndipo nikanunua.» Walikuwa wanasifu koti, nyie. Mtu anasoma habari za kofia na mikono, ananunua kiatu, kisha anashangaa. Dunia ina watu wengi, na Soko limewakusanya wote wakawa wateja wetu.

Lakini cheko langu limekatika jioni, Fundi alipofungua ukurasa wa koti. Nyota za koti zimeporomoka. Kila aliyelowa mguu ameliadhibu koti. Koti lake, ambalo kila mshono anaupitisha mara mbili na kuutia nta kwa kidole. Alikaa akiangalia kioo cha kompyuta, mikono mapajani, kama mtu aliyesingiziwa mbele ya halaiki.

Nitanyoosha alimwekea mkono begani. Fundi akauondoa.

Jumanne, 7 Aprili

Duka limefungwa.

Ujumbe umeingia tukiwa mezani. Nitanyoosha aliusoma kwa sauti, na sauti ikawa inapungua kadiri anavyosonga. Soko linasema tumefunga bidhaa za aina tofauti chini ya mama mmoja ili zijipatie nyota zisizo zao, kwamba huko ni kuwahadaa wanunuzi, na kwamba duka limesimamishwa mpaka tutoe maelezo. Tusipotoa, au yasiporidhisha, linafungwa moja kwa moja.

Hapo ndipo nilipoelewa ile «tumeunganisha kidogo». Mistari ya mabuti na mistari ya miavuli iliingizwa yote chini ya mama wa koti. Mnunuzi akiligusa koti anaulizwa: unataka la buluu, la manjano, au buti?

«Nani amefanya hivi?» nikauliza.

Kidonge akasema, «Si mimi.»

«Ni mimi, Bibi,» Nitanyoosha akasema.

Nilisimama, mwanangu. Unanijua nikisimama. Nikamwambia, wewe mtu mzima mwenye ndevu, umemfanya mwavuli kuwa mtoto wa buti, na buti kuwa mtoto wa koti, ukoo mzima wa uongo, kwa sababu ya uvivu wa kusubiri. Mke wako anashona mpaka macho yanamtoka, nyota zake amezipata mshono kwa mshono, wewe unazigawa kama sadaka ya mtu mwingine. Nikamwambia tangu siku ulipokuja kuposa na soksi mbili za rangi mbili nilijua hutaona tofauti ya kitu na kitu. Nikasema na mengine ambayo sitayaandika, kwa sababu karatasi hii nataka itumike mbele ya watoto.

Alikuwa anamtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama sahani.

Kabla vyombo havijaondolewa mezani, baba mdogo akapiga simu. Sijui ndege gani humpelekea habari. Alisema chumba kimeshapakwa rangi. Nikaona Kidonge ananing'inia kwenye mguu wa meza, ananiimbia kitu kisicho na maneno, nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Jumatano, 8 Aprili

Chai nimeandaa ya watu watatu. Anajijua asiyekuwemo.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua imegonga bati kutwa, mtu hasikii anachofikiri. Makoti yaliyokamilika yananing'inia kwenye kamba sebuleni, hayana pa kwenda. Nilikuwa nayapangusa vumbi, Fundi yuko kwenye cherehani lakini hashoni, anazungusha gurudumu kwa kidole.

«Bibi, acha kumnyima mume wangu chai.»

«Ana mikono, achemshe.»

«Si yeye.»

«Si yeye nini?»

«Mimi ndiye niliyetaka vifungwe kwa mama wa koti. Alikataa, Bibi. Tulibishana siku mbili huko chumbani. Akasema Soko litatukamata, akasema nyota ni za koti, mabuti yatafute zake hata yakichelewa. Nikamwambia basi nipishe kwenye kiti. Nikafunga mwenyewe, mstari baada ya mstari.»

Nikaweka kitambaa chini.

«Na siku ile mezani akasema ni yeye.»

«Aliniambia, Bibi akikukasirikia wewe, nyumba hii haitakalika. Mimi amenikasirikia tangu posa, hakuna kitakachoongezeka.»

Mimi, ambaye unasema nikiwa usingizini bado nabishana, nilikiokota kitambaa nikapangusa koti lile lile mara mbili. Fundi akaanza kulia, na alipoanza kulia akatafuta kosa la kunibandikia, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

«Halafu wewe ndiye unayesema kila anayelala humu ni mtoto wako, huulizi ametoka wapi. Nikaona basi na mabuti yalale.»

«Mimi nawalaza, sijawahi kumpeleka mtoto wa jirani kwa watu nikasema nimemzaa ili apate mchumba. Usinitie kwenye faili lako.»

«Nilitaka tubaki, Bibi.»

«Najua ulichotaka. Hata mwizi anataka kitu.»

Nikamfuta kamasi kwa pindo la kanga yangu, mwanamke mwenye mume na mtoto. Nilimwona, nadhani kwa mara ya kwanza, si kama yatima wa dada yako ambaye kila anayemgusa anamwonea. Ni jeuri. Ana shingo ngumu kama ya mtu ninayemfahamu sana. Na yule niliyemwita mvivu amebeba gunia la matusi kutoka mezani mpaka chumbani bila kulitua. Jinga lile. Kuna watu wana wema wa kijinga kiasi kwamba unatamani kuwachapa.

Jioni nikamimina chai ya nne. Sikumwita. Niliiweka tu mbele ya kiti chake, nikakitazama kiti mpaka alipokuja.

«Imeingia sukari, Bibi?»

«Kunywa ujue.»

Jumatano, 15 Aprili

Baba mdogo ameshauri waliambie Soko ni hitilafu ya mtambo. Mtambo wa nani? Mtambo ulikaa kitini ukajifungia mabuti? Hivyo ndivyo watu wenye maghala wanavyofikiri.

Fundi amekataa. Ameandika mwenyewe, mumewe akiwa pembeni, kwamba ni yeye aliyefunga, alijua anachofanya, na sasa anakifungua. Kisha wamekaa wawili siku nzima kulitengua faili. Koti limebaki na watoto wake. Mabuti yamepata mama yao, miavuli mama yao. Kila rangi na picha yake, kila saizi na idadi yake, na saizi iliyokwisha wameiandika sifuri, isijionyeshe dukani. Mabuti ya kijani wameyatoa kabisa. Kila mmoja alipochoka mwenzake alishika. Mimi nilikuwa nawaletea chakula na kejeli.

Jumatatu, 20 Aprili

Mvua bado. Hakuna jibu. Soko linajua kuharakisha kufunga, kufungua linatembelea mkongojo.

Jumatatu, 27 Aprili

Limefunguliwa. Msichana wa Soko amepiga simu mwenyewe, sauti nyembamba, adabu nyingi, kama muuguzi mwenye sindano nyuma ya mgongo. Anasema maelezo yamekubaliwa. Lakini kwa kuwa nyota zilichanganyika na haiwezekani kujua ipi ilitolewa kwa koti na ipi kwa buti, zimefutwa zote.

«Hata za koti?» Fundi akauliza.

«Hata za koti, dada. Mtaanza upya.»

«Zile za mwanzo kabisa? Kabla ya mabuti?»

«Zote, dada.»

Alimshukuru. Nilimfunza mimi kushukuru, na leo nimejuta. Alikata simu akakaa chini sakafuni katikati ya makoti, na mumewe akakaa naye. Hakusema atanyoosha. Nadhani hata yeye anajua kuna kitu hakinyooki, kinaanzwa tu tena.

Jumatano, 6 Mei

Mvua inachoka. Oda moja moja, kama watu wanaokuja matanga wakiwa wamechelewa. Koti limepata nyota chache mpya. Si kufa, si kupona.

Leo wamekaa kitako kuamua, nami nilikaa nao, hakuna aliyethubutu kuniondoa. Fundi alisema kwa sauti ndogo kwamba ahadi ni ahadi, duka limeshindwa, wafungashe.

«Halijashindwa,» Nitanyoosha akasema. «Linapumua. Ukiliacha sasa, hizo nyota mpya nazo zinakufa. Kaa nalo mpaka mvua za pili. Nitakwenda mimi peke yangu ghalani, nitume kitu kidogo kila mwezi. Faili naweza kulipeleka Sokoni hata nikiwa huko.»

«Na Kidonge?»

«Kidonge anakaa na Bibi yake.»

Alisema hivyo akinitazama mimi, si mkewe. Nilichokiombea tangu mawingu ya kwanza nimepewa mkononi, mwanangu, na hakinishuki kooni.

Jumapili, 10 Mei

Ameondoka. Mlango wa bafu aliutengeneza jana bila kuambiwa. Fundi amemshonea koti jeusi, saizi ambayo haimo kwenye faili, maana mabega yake ni ya mtu mmoja na urefu ni wa mwingine. Nilimsindikiza mpaka kituoni kwa sababu Fundi alishindwa kufika getini.

«Kula huko,» nikamwambia. «Usije ukarudi umekonda, watu waseme tulikutesa.»

«Nimeshakonda, Bibi. Siku zile za bila chai.»

«Hukustahili chai.»

«Nilistahili.»

«Ulistahili,» nikasema. «Panda gari, usinichoshe.»

Akapanda. Alikaa dirishani, akainua mkono, na soksi zake nilishaziona. Nilikuwa nimezikagua mwenyewe asubuhi, zote mbili rangi moja.

Jumamosi, 16 Mei

Jua kali, kamba imejaa nguo za kawaida. Kidonge ameuliza baba yake yuko mstari gani. Hivyo ndivyo wanavyolea watoto siku hizi.

Faili linafika Sokoni kila asubuhi, limenyooka. Fundi anashona. Usiku anaongea naye simuni muda mrefu, na nasikia anacheka, kisha nasikia hacheki tena.

Sasa wewe. Ukimaliza kusoma, kunja karatasi hizi unirudishie, kisha kula. Safari ijayo usipande gari la moja kwa moja. Shuka katika mji ule, uliza ghala la baba mdogo wake, liko nyuma ya kituo cha mafuta, na usimsikilize huyo mzee akianza habari za hali ya hewa. Mchukue mume wa Fundi, mbebee mkoba, uje naye. Usije peke yako. Nitauliza «nani» kabla ya kufungua, na nikisikia sauti moja tu, utalala nje.